Vijiji vya mvinyo na ngome za Alsace: Uzuri unaoficha makovu

MTALII anayeshuka garimoshi mjini Sélestat, mashariki mwa Ufaransa, huiona ngome kabla hajautazama mji wenyewe. Juu ya mlima wenye msitu mzito, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, kuta na minara ya mawe mekundu imesimama imara kana kwamba haijaguswa na mkono wa binadamu kwa miaka 500. Chini yake, mashamba ya mizabibu yametandazwa kwenye miteremko hadi kwenye kingo za vijiji vyenye nyumba za mbao zilizopakwa rangi za manjano, samawati na waridi.

Picha hiyo ndiyo inayowavutia wageni kutoka pembe zote za dunia kuja katika eneo la Alsace. Ngome hiyo, iitwayo Haut-Kœnigsbourg, pekee hutembelewa na watu wapatao nusu milioni kila mwaka.

Hata hivyo, wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sehemu kubwa ya ngome anayoistaajabia mtalii huyo ilijengwa upya kati ya mwaka 1900 na 1908. Yaani, reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mnamo 1901 ilhali mafundi wa Alsace walikuwa bado wakipandisha mawe mlimani. Kinyume chake, nyumba nyingi za vijijini, ambazo wageni huzipita haraka wakiikimbilia ngome, zimekaliwa na wakulima wa zabibu tangu karne ya 16 na ya 17.

Basi anayetaka kulielewa eneo hili hana budi kujiuliza maswali mawili kila anaposimama: ni nani aliyejenga, na ni nani aliyegharimika?

Mlima wa bwana, bonde la mkulima

Alsace ni ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya milima ya Vosges upande wa magharibi na Mto Rhine upande wa mashariki. Ng'ambo ya mto huo ni Ujerumani. Mawingu yanayotoka Bahari ya Atlantiki humwaga maji yake upande wa pili wa milima, na yanapovuka huwa yamekwisha kukauka. Ndiyo maana Colmar, mji ulio katikati ya eneo la mvinyo, ni miongoni mwa miji inayopata mvua chache zaidi nchini Ufaransa.

Mzabibu hupenda hali kama hiyo. Hautaki udongo unaotuama maji, nao hunufaika na mteremko unaopigwa na jua tangu asubuhi. Kwa hivyo wakulima waliiachia nafaka ardhi tambarare, wakapanda mizabibu kwenye vilima vilivyo chini ya milima. Mvinyo wao ulisafirishwa kwa mashua kupitia Mto Rhine hadi masoko ya kaskazini mwa Ulaya, nao ukawapatia utajiri mkubwa katika karne za kati.

Penye utajiri hapakosi mlinzi, na mlinzi hakosi kudai ujira. Mabwana wa nchi walijenga ngome zao juu ya vilele vilivyotazama barabara. Haut-Kœnigsbourg, iliyotajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1147, ililinda njia ambazo ngano na mvinyo vilipitia kati ya kaskazini na kusini, pamoja na zile za chumvi na fedha kati ya magharibi na mashariki. Mwenye ngome aliwakinga wasafiri dhidi ya wanyang'anyi. Ni yeye pia aliyewatoza ushuru, na pale alipokosa uadilifu, ilikuwa vigumu kumtofautisha na mnyang'anyi mwenyewe.

Mfano mzuri ni mji mdogo wa Ribeauvillé. Juu yake kuna magofu ya ngome tatu, moja juu ya nyingine, zilizokuwa za ukoo wa mabwana wa Ribeaupierre. Mgeni mwenye miguu imara anaweza kuzizungukia zote kwa asubuhi moja. Mabwana hao ndio waliokuwa walezi wa wanamuziki waliozunguka nchini wakipiga filimbi na zumari, nao wanamuziki waliwalipa kodi ili wapate ulinzi huo. Hadi leo, Jumapili ya kwanza ya Septemba, mji huo huadhimisha sikukuu ya wapiga filimbi kwa maandamano na ngoma.

Nyumba zinazosomeka kama kitabu

Tukishuka kutoka magofuni tunafika Riquewihr, kijiji chenye wakazi takriban 1,000 tu. Lango lake la juu, liitwalo Dolder, lilijengwa mwaka 1291. Upande unaotazama nje ni ukuta mtupu wa mawe wenye kutisha. Upande unaotazama ndani ni nyumba ya mbao yenye madirisha. Adui alionyeshwa uso mmoja, na mwenyeji mwingine.

Nyumba za hapa zimesongamana na ni ndefu kwenda juu. Sababu yake ni ya kiuchumi. Ardhi iliyofaa mizabibu ilikuwa ghali mno kujengewa, na isitoshe kila mtu alitaka kulala ndani ya ukuta. Orofa ya chini hujengwa kwa mawe, maana huko ndiko kuliko na lango la mikokoteni na ghala la chini ya ardhi linalohifadhi mapipa. Orofa za juu ni za mihimili ya mbao iliyopishana, na nafasi zilizo kati yake hujazwa fito, udongo na majani makavu. Msomaji wa pwani au wa mashambani atatambua mara moja kwamba huu ni ufundi wa nyumba ya udongo anaoujua, isipokuwa hapa umepandishwa orofa tatu au nne na kupakwa rangi.

Milango nayo ina mengi ya kueleza. Zamani watu wengi hawakujua kusoma, hivyo alama ya kazi ya mwenye nyumba ilichongwa kwenye jiwe la mlangoni au kuning'inizwa ikiwa imefuliwa kwa chuma. Kisu kilichopinda cha kupogolea kilimtambulisha mkulima wa mizabibu. Pipa lilimtambulisha fundi wa mapipa. Mkate uliosokotwa ulikuwa wa mwokaji. Mara nyingi mwaka wa ujenzi nao huandikwa hapo hapo. Mgeni anayejua alama hizo anaweza kutembea barabara nzima na kusema ni nani aliyeishi wapi.

Kusini mwa Colmar kuna Eguisheim, kijiji kilichojengwa kwa duara. Vichochoro vyake vinazunguka kama pete zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na katikati kuna ngome ndogo. Jadi inasimulia kwamba hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1002, Papa Leo wa Tisa. Huko Hunawihr, kanisa lenyewe ndilo lililokuwa ngome: limezungukwa na ukuta wenye minara katikati ya mizabibu. Tangu karne ya 17, Wakatoliki na Waprotestanti wamekuwa wakilitumia kwa pamoja, kila kundi kwa saa zake.

Ngome ya Kaisari

Turudi sasa mlimani, kwa ile ngome ya mawe mekundu. Mwaka 1462 iliharibiwa na muungano wa miji iliyochoshwa na uporaji wa waliokuwa wakiishi humo. Ikajengwa upya, kisha mwaka 1633, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Uswidi likaizingira kwa siku 52, likaiteka na kuiteketeza. Kwa zaidi ya karne mbili ilibaki gofu lililomea miti.

Mwaka 1871 Ufaransa ilishindwa vitani na Alsace ikatwaliwa na Ujerumani. Mnamo 1899 mji wa Sélestat, uliokuwa ukimiliki gofu hilo bila uwezo wa kulitunza, ulimtunuku Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Kaisari aliipokea zawadi hiyo kwa furaha, akamwajiri msanifu majengo Bodo Ebhardt airudishe ngome katika hali aliyoamini ilikuwa nayo mwishoni mwa karne za kati.

Kazi ilichukua miaka minane. Garimoshi dogo la mvuke lilitumika kubeba mawe. Gharama ilizidi maki milioni mbili, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika hazina za umma, ikiwemo ile ya wananchi wa Alsace wenyewe, wala si mfukoni mwa Kaisari. Sherehe ya ufunguzi ilifanyika Mei 13, 1908, watu wakiwa wamevalia mavazi ya kale, huku mvua kubwa ikiwanyea.

Kaisari hakukusudia kuishi humo. Nia yake ilikuwa ya kisiasa: kila mkazi wa bonde akiinua macho, akumbushwe kwamba nchi hii ni ya Wajerumani tangu jadi, na kwamba yeye ndiye mrithi halali wa wafalme wa kale. Ebhardt alikuwa mtaalamu aliyechunguza magofu kwa makini, lakini mnara mkuu, kwa mfano, unaaminika kuinuliwa juu kupita ule wa awali. Mtalii anapaswa kujua kwamba anachokitazama ni mchanganyiko wa masalio halisi na ndoto ya mtawala.

Mtawala huyo si mgeni kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika kwenye kilele cha Kilimanjaro, alikipa jina la Kaisari Wilhelm. Ni baada ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961 ambapo kilele hicho kiliitwa Uhuru. Mwaka 1890, serikali ya Kaisari huyo ilitia saini mkataba na Uingereza uliokabidhi Witu, karibu na Lamu, mikononi mwa Waingereza, pasi na wenyeji kuulizwa.

Na katika miaka ile ile ambayo mafundi walikuwa wakiezeka minara ya Haut-Kœnigsbourg, majeshi yake yalikuwa yakichoma vijiji na mashamba ya chakula kusini mwa Tanganyika ili kuzima Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907. Makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa huanzia watu 75,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wameangamizwa na njaa. Dola moja ilikuwa ikifufua magofu yake huku ikiacha magofu mapya kwingine.

Ndani ya ukumbi mkuu wa ngome kuna kizuio cha moto mbele ya meko, kilicholetwa mwaka 1918. Kimeandikwa kwa Kijerumani maneno yenye maana kwamba, "Sikuyataka haya." Kaisari alikuwa akizungumzia Vita Vikuu vya Kwanza. Mwezi Novemba mwaka huo huo aliporomoka kutoka kiti chake cha enzi na kukimbilia Uholanzi. Ngome ikawa mali ya Ufaransa, na baadaye, mwaka 2007, ikakabidhiwa serikali ya eneo.

Bendera nne, nyumba moja

Walioumia zaidi kutokana na mvutano huo wa mataifa ni watu wa bondeni. Hebu fikiria mtu aliyezaliwa Riquewihr mwaka 1865 na kufariki 1946. Alizaliwa chini ya bendera ya Ufaransa. Mwaka 1871 ikapandishwa ya Ujerumani, 1918 ya Ufaransa, 1940 ya Ujerumani ya Wanazi, na vita vilipokaribia kwisha ikarudi ya Ufaransa. Mara nne nchi yake ilibadilika, na huenda yeye hakuwahi kuhama nyumba.

Daktari Albert Schweitzer, aliyezaliwa Kaysersberg mwaka 1875 chini ya magofu ya ngome nyingine, aliyaonja hayo akiwa barani Afrika. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné nchini Gabon, koloni la Ufaransa, kuanzisha hospitali. Vita vilipozuka mwaka uliofuata, Wafaransa walimweka chini ya ulinzi kwa kuwa kisheria alikuwa Mjerumani, na mwaka 1917 wakamsafirisha hadi Ufaransa na kumzuilia kambini. Baada ya vita akawa raia wa Ufaransa. Alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952.

Utawala wa Wanazi ulikuwa mchungu zaidi. Lugha ya Kifaransa ilipigwa marufuku, na hata kofia ya bereti haikuruhusiwa. Kuanzia Agosti 1942, vijana wapatao 130,000 wa Alsace na eneo jirani la Moselle waliandikishwa kwa nguvu katika jeshi la Ujerumani, wengi wakapelekwa kupigana na Warusi. Zaidi ya 30,000 hawakurejea.

Kisha majira ya baridi ya 1944 na 1945 vita vikaingia katika mizabibu yenyewe. Wajerumani walikuwa wameng'ang'ania eneo la Colmar, na mapigano hayakwisha hadi Februari 1945. Riquewihr iliponea chupuchupu. Bennwihr, kilomita chache kutoka hapo, ilibomolewa karibu yote. Sigolsheim na Ammerschwihr nazo ziligeuka vifusi.

Hii ndiyo sababu mtalii anayepita kwa gari hushangaa kuona kijiji kimoja kimejaa nyumba za kale na jirani yake hana. Wengi hukipita bila kusimama, wakidhani hakina historia. Ukweli ni kwamba historia imekipitia kwa uzito zaidi. Wakulima wa Bennwihr na Sigolsheim, wakiwa wamepoteza maghala na mapipa yao, walijiunga katika vyama vya ushirika, wakakamua zabibu zao pamoja na kuanza upya.

Juu ya kilima kinachotazama Sigolsheim kuna makaburi ya askari wa jeshi la Ufaransa zaidi ya 1,500 waliokufa katika mapigano hayo. Wengi wao walikuwa Waislamu kutoka kaskazini mwa Afrika, walioletwa kulikomboa bonde ambalo hawakuwa wamepata kuliona. Mawe ya makaburi yao yana umbo la matao na maandishi ya Kiarabu.

Vijiji vilivyo hai

Jambo moja linalovitofautisha vijiji hivi na makumbusho ni kwamba kazi iliyovizaa ingali inaendelea. Nyuma ya mlango wenye alama ya kisu cha kupogolea, mara nyingi bado kuna familia inayopogoa. Mvinyo wa Alsace, tofauti na aina nyingi za Ufaransa, huitwa kwa jina la zabibu iliyotumika, kama vile Riesling, Gewurztraminer au Pinot Gris, na hutiwa katika chupa nyembamba na ndefu. Tangu 1972 sheria inataka utiwe chupani papo hapo Alsace.

Barabara ya Mvinyo, inayoviunganisha vijiji hivi kutoka Marlenheim hadi Thann kwa umbali wa takriban kilomita 170, ilizinduliwa mwaka 1953, miaka minane tu baada ya vita. Ilikuwa njia ya kuwarudishia wakulima wateja. Leo mafanikio yake yana gharama. Katika wiki za soko la Krismasi, vichochoro vya Riquewihr na Kaysersberg hufurika watu hadi wenyeji wakatafuta pa kupitia. Kila nyumba inayogeuzwa kuwa ya kupangishia watalii ni nyumba moja ambayo kijana wa kijiji hataipata. Aidha, ongezeko la joto limesogeza mavuno mbele: mara nyingi zabibu zilizokuwa zikichumwa Oktoba sasa huchumwa Septemba, au hata mwishoni mwa Agosti.

Si habari zote ni mbaya. Korongo weupe, ndege ambao ni nembo ya Alsace, walikuwa wamebaki wachache mno katika miaka ya 1970. Kituo kilichofunguliwa Hunawihr mwaka 1976 kilisaidia kuwarejesha, na sasa viota vyao vimejaa juu ya paa na minara.

Kwa anayepanga safari

Mkenya huhitaji viza ya Schengen. Miji ya Strasbourg na Colmar ndiyo malango ya eneo hili, na garimoshi kati yake huchukua muda wa nusu saa hivi. Kutoka hapo, baiskeli au basi ni bora kuliko gari, hasa kwa atakayeonja mvinyo, kwani sheria ya Ufaransa ni kali kwa dereva mlevi. Asiyetumia kileo asisite kuingia katika ghala la mkulima, maana wengi huuza pia sharubati ya zabibu. Ni vyema kukwepa wikendi za Desemba. Wakati wa mavuno, mgeni abaki kwenye njia na asichume hata tunda moja, kwa kuwa kila shada ni mshahara wa mtu.

Ratiba nayo ipangwe kwa busara. Siku ya kwanza iende kwa ngome ya Haut-Kœnigsbourg, ambako siku isiyo na ukungu mtu huona hadi milima ya Ujerumani ng'ambo ya Rhine. Siku ya pili iwe ya Riquewihr na Hunawihr. Ya tatu asikose kupitia Bennwihr, kisha apande kilima cha Sigolsheim na kusimama kidogo makaburini. Kutoka hapo huonekana mizabibu pande zote, imepandwa upya kwenye udongo uliochimbuliwa na mizinga, na wakulima wakiwa kazini kati ya mistari yake.